Gauni Namba Kumi na Saba

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Wiki ya tatu bila mke. Yuko kwa mama yake, ati amechoka kuolewa na kichwa kisicho na mikono. Sharti lake: nifanye kazi wiki nzima kwa kaka yake, yule dobi. Jumamosi kaka atasema kama nafaa. Nikifaa, Jumapili mke anarudi nyumbani. Nisipofaa, basi tena.

Nimefika saa moja asubuhi. Shemeji kanitazama viganja, kacheka mpaka kashika ukuta. Kanipa beseni. Nimekataa kwa heshima. Nguo za watu zimejaa kila kona na hakuna hata namba moja! Ati anazijua. Anazijua! Nimekwenda kununua daftari.

Jumanne, tarehe 5

Nguo arobaini na moja, kila moja na kikaratasi na pini. Kazi ya akili inachosha, jamani. Shemeji, jasho likimtiririka juu ya pasi, kauliza kama nimeota mizizi pale kwenye kiti. Nikamwambia akili ni mali. Akasema haya, blanketi la mlinzi lile pale, nikalifue kwa akili.

Watu wa kazi za nguvu wana midomo!

Jumatano, tarehe 6

Nimefua blanketi. Kwa mikono. Likilowa, uzito wake ni wa ng'ombe. Nimelimaliza saa nane, vidole vimechunika, nikateleza nikakalia beseni. Nani anapita? Mama mkwe. Kanikuta ndani ya povu, miguu juu. Nimempa shikamoo kutoka humohumo. Kaitikia marahaba kwa shida, kaenda zake. Habari imeshafika kwa mke wangu. Nimekwisha mimi.

Alhamisi, tarehe 7

Tumegombana. Vikaratasi vyangu vimelowana vikaziba mtaro, ua wote maji. Mwalimu mmoja, mteja, akauliza kazi yangu hapa ni ipi. Shemeji akamjibu kwamba kazi yangu ni kuandika kwamba yeye anafanya kazi. Wateja wakacheka mpaka machozi. Nikamwambia mkono bila kichwa ni nyama tu. Akanirushia soksi mbichi. Nikamrudishia. Soksi zenyewe si zake wala zangu.

Ndipo nikapata wazo. Kesho wateja wote wanachukua nguo. Nimeng'oa namba zote, daftari nimelificha chini ya shati. Kesho naumwa. Azame, aite jina langu.

Ijumaa, tarehe 8

Nimejibanza kwenye kibanda cha fundi viatu, ng'ambo ya barabara. Nikangoja vilio. Wapi! Shemeji anapapasa kola, anatoa. Suruali ya mwalimu kaijua kwa chaki mfukoni, gauni la nesi kwa doa la dawa. Mashati meupe tisa ya wanaume tisa, kila moja kwa mwenyewe. Hakukosea hata leso. Wala hakugundua kwamba namba hazipo! Hiyo ndiyo imeniuma. Fundi viatu kaniuliza nalia nini. Nimesingizia gundi.

Ila moja! Gauni la kijani, kuukuu, namba kumi na saba. Limebaki kwenye msumari peke yake, hakumpa mtu. Limemshinda! Mungu si Athumani.

Jumamosi, tarehe 9

Kikao sebuleni kwa mama mkwe. Mke wangu kakonda kidogo. Shemeji akasimama, nikajua ananimaliza. Akasema kufua sijui, lakini blanketi nililimaliza, na mtu anayemaliza blanketi si wa kutupwa. Mke wangu akatabasamu. Akatabasamu!

Si ningenyamaza?

Nikasimama. Nikasema huyo wanayemsifu naye ana nguo iliyomshinda. Nikafungua daftari, nikasoma kwa sauti: namba kumi na saba, gauni la kijani, limepauka kwapani, mwenyewe hajulikani, linafaa tambara la kudekia.

Mama mkwe akashika kichwa. Mke wangu akaniuliza, taratibu kabisa, kama kweli silikumbuki. Ndilo alilovaa siku nilipokwenda kumposa, na Jumapili zote za miaka sita. Alimpelekea kaka yake alipige pasi, alivae kesho, siku ya kurudi nyumbani kwetu.

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Nimegonga mpaka mama mkwe akaniomba niende.

Jumapili, tarehe 10

Nyumba kimya. Nimelala upande wangu wa kitanda, wake nimeuacha. Nimelia, sifichi.

Jioni shemeji kapita na beseni. Kaliweka mlangoni, kasema atazungumza na mdogo wake polepole, lakini kesho saa moja nifike, na nije na mikono. Mtu mwema, basi tu hana elimu.

Nimefikiri sana. Kosa nimeliona: daftari halikuwa na safu ya nguo za mke. Nimechukua rula. Jipya litakuwa na safu sita. Beseni nalo zuri, imara. Nimelifudikiza, ndilo ninaloandikia hapa.