Mtandao Hushika Usawa wa Mvinje

Abdulwahid wa Mlandege alianza kujiita injinia siku ile alipomwona mvuvi mmoja bandarini Malindi amesimama juu kabisa ya boti inayoingia, simu kaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuinyanyua juu, akipiga kelele, "Halo! Wanisikia? Halo!" kwa mtu ambaye ni wazi alikuwa hamsikii. Abdulwahid, ambaye hadi asubuhi hiyo kazi yake ilikuwa kubadilisha vioo vya simu, aliiacha chai yake ikapoa. Watu wengine wakiona shida ya mwenzao huingiwa na huruma. Yeye aliingiwa na hesabu.

Wiki nzima alizunguka kwa wapishi wa harusi akinunua vifuniko vikuukuu vya sufuria. Akavizungushia waya wa shaba, akavipaka rangi ya fedha, na katikati akabandika kitaa chekundu kilichotoka kwenye gari la kuchezea watoto. Akakibatiza kitu chake Kinasa Mawimbi. Kisha akavipakia kwenye Vespa yake ya kijani, ambayo kila asubuhi aliipangusa kabla hajanawa uso, akashika njia ya Mkokotoni.

Huko biashara ilikuwa imeshajiuza. Mwezi uliopita boti ya Ubwa, mtoto wa Bi Mwatima, ilizimika mashine, maji yakamchukua siku mbili nje ya mtandao, simu yake ina chaji na haina kazi. Aliokotwa midomo imempasuka. Tangu hapo kila Ubwa akitoka, mama yake chakula hakimpiti kooni mpaka asikie sauti yake. Bi Mwatima aliuza wali pwani na ndiye aliyeshika upatu wa wanawake ishirini, nao wakakubaliana kwamba upatu wa mwezi huo hauendi kwa mtu: utanunua kitu cha kuwarudisha waume na watoto wao. Hizo ndizo fedha alizozifuata Abdulwahid. Mimi ninayesimulia namwonea haya, maana mwenyewe hakuwa nayo.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Hiki ndicho?"

"Ndicho. Hiki ukikiinua, mtandao unakufuata wenyewe mpaka Pemba. Tazama simu yangu." Simu ilikuwa haina mtandao, kwa sababu alikuwa ameuzima kwa kidole gumba. Akainua kifuniko, akauwasha kwa kidole kile kile. Mlio ukatoka, wanawake wakashangilia.

Bi Mwatima hakushangilia. Alikipokea Kinasa Mawimbi, akakigeuza, akakinusa, kisha akamnong'oneza mumewe, Nahodha Mmanga.

"Kizuri," alisema Mmanga. "Lakini sisi hapa kitu cha bahari hatukinunui nchi kavu. Twende tukakijaribu."

Abdulwahid hakuwa amepanda boti tangu arudi kutoka Dar, na hiyo ilikuwa ya watalii, yenye viti na televisheni. Lakini aliutazama mkoba wa upatu kwapani mwa Bi Mwatima, moyo ukamlainika. "Twende, mzee wangu. Sayansi haiogopi maji."

Wakaenda. Mnara wa msikiti ukawa mdogo, kisha ukawa mdogo zaidi. Mara mashine ikakohoa ikanyamaza. Kwamba kidole cha mguu wa Mmanga kilikuwa karibu sana na bomba la mafuta ni jambo ambalo mimi silisemi.

"Ishakufa," alisema Mmanga. "Ah, lakini si tunacho chako? Mpigie Mama Ubwa alete boti."

Abdulwahid akainua kifuniko. Akakielekeza mjini. Akakielekeza Pemba. Akakivaa kichwani. Kitaa chekundu kilimetameta vizuri sana, na simu ikabaki kimya.

"Labda mawingu, mzee."

"Mawingu yepi?"

Hapakuwa na hata moja. Kulikuwa na jua na mawimbi ya ubavuni, na Abdulwahid akaanza kuirudishia bahari maandazi ya asubuhi. Mmanga alifungua bakuli lake la muhogo na pweza, akala taratibu.

"Mzee wangu, n'nakufa."

"Hufi. Wewe hapa una saa mbili. Mwanangu alikaa siku mbili." Alisema bila kupandisha sauti, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile Abdulwahid kumtazama mtu usoni.

"Basi n'nakwambia kweli. Kile ni kifuniko cha sufuria."

"N'najua. Mama Ubwa alipokinusa kilinuka bizari ya pilau."

"Mlijua! Sasa tutarudije? Hakuna mahali popote panaposhika?"

"Papo. Mnara wa msikiti ukikaa usawa wa mvinje, ule mti mkubwa wa ufukweni, hapo simu hulia. Ubwa maji yalimpitisha mbali napo. Sisi si mbali, ni kupiga makasia tu."

"Tupige basi!"

"Mtandao una bei, Injinia. Wewe mwenzangu ndiye unayeuza, unajua."

"Shilingi ngapi?"

"Shilingi zako kaa nazo. Vespa."

Abdulwahid akaapa kwamba Vespa haitoki, ng'o. Likaja wimbi moja, la wastani tu. Akasema inatoka.

Mmanga akapiga makasia. Kule pwani mnara ukatembea polepole mpaka ukasimama juu ya mvinje, na simu ikalia kwa meseji zilizorundikana. Abdulwahid akapiga. Bi Mwatima akaipokea kwa sauti ya nje, wanawake wote ishirini wamemzunguka.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi Injinia... mimi Abdulwahid. N'nampa Nahodha Mmanga Vespa yangu."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari ya..." Bahari ikapokea andazi la mwisho.

"Tumesikia," walijibu wanawake ishirini.

Mmanga akagusa kitu kwa kidole cha mguu, akavuta kamba mara moja, na mashine ikanguruma. Jioni Abdulwahid alirudi mjini kwa gari ya abiria ya shamba, helmeti mapajani.

Upatu ukanunua redio za baharini za kweli. Abdulwahid akarudi kwenye vioo vyake vya simu. Mwezi wa pili tangu hapo, asubuhi, Vespa ya kijani ikasimama mbele ya meza yake. Juu yake alikuwa Ubwa, nyuma kafunga kikapu cha samaki wa kupeleka Darajani, na kikapu kimefunikwa kwa kifuniko cha rangi ya fedha, kitaa chekundu bado kinametameta.

"Fundi, nibadilishie kioo cha simu. Mama hataki tena nende baharini, sasa mimi ni wa kupeleka samaki tu."

Abdulwahid akaipokea simu ya Ubwa, na kabla hajaifungua ikalia mkononi mwake. Akambonyezea Ubwa, sauti ya nje.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Mlandege, mama."

"Mtandao unashika?"

"Unashika, mama."

"Alhamdulillahi. Basi na mie nipakue wali wangu nile."

Abdulwahid akafungua kioo kilichovunjika, akatia kipya, na bei hakuitaja. Halafu akachukua kitambaa chake cha kazi, akainama, akaanza kuipangusa Vespa.