Mtaa wa Mhariri

Jumatatu, 4 Machi

Sijatulia tangu asubuhi. Nimepiga pasi shati moja mara tatu. Nimetoka nje, nimeingia, nimetoka tena. Sababu ni ile ile: Kinyozi. Saluni yake inatazamana na duka langu la udobi, na upepo ukivuma nywele za wateja wake zinakuja kutua kwenye mashuka yangu mabichi. Hilo ningelimeza. Lakini amekuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa tangu binti yangu akivaa sare za shule, na sasa binti yangu ni mtangazaji wa redio. Uchaguzi ni mwisho wa wiki ijayo. Lazima nimng'oe. Hoja ndiyo sina.

Hoja imekuja wakati wa chakula cha mchana. Binti alikuwa akimsimulia mama yake habari za mhariri mmoja wa nchi ya mbali. Gazeti lake liliandika kwamba daraja lililoanguka na kuua watu lilijengwa kwa saruji hafifu, na kwamba wakubwa walijua. Wakamtaka akanushe. Akakataa. Sasa yuko gerezani mwaka wa tatu. Jina lake ni refu, lina herufi zinazogombana, kwa hiyo huku kila mtu humwita Mhariri tu. Nikauliza kama anajulikana. Binti akasema dunia nzima inamjua, imebaki mimi.

Nikaweka kijiko chini. Nikasema mtaa wetu ubadilishwe jina, uitwe Mtaa wa Mhariri. Unaitwa Mtaa wa Bustani, na bustani yenyewe hakuna aliyewahi kuiona. Binti akanikumbatia. Akasema hakujua kama mambo haya yananigusa. Hata mimi sikujua. Mke wangu akanitazama kama ninavyotazama doa nisilojua limetoka wapi.

Jumanne, 5 Machi

Kikao. Kimefanyika saluni kwa Kinyozi, eti ndiko kwenye viti. Siasa hiyo. Nimesimama katikati ya vioo, nikajiona pande zote, nikazungumza vizuri. Uhuru wa kalamu, ujasiri, mtaa wetu kuonekana duniani. Makofi. Nikamgeukia Kinyozi nikingoja apinge, maana akipinga amekwisha.

Hakupinga. Alizima mashine yake, akasema kaka yake mkubwa aliwahi kufungwa kwa karatasi aliyoibandika ukutani, na mama yao aliendelea kumwekea sahani mezani mpaka siku aliyorudi. Mwenye duka la dawa akajifuta macho. Katika hali hiyo nani angepinga? Kinyozi amechaguliwa kuongoza shughuli yote ya jina jipya. Mimi nimepewa chai na viti. Viti vyenyewe ni vyake.

Jumatano, 6 Machi

Karani wa ubalozi amekuja na mzigo wa kawaida: suti za balozi, mapazia, vitambaa vya meza. Ni mtu mpole, mwenye maneno machache. Leo ameuliza kama nimesikia kuna mtu mtaani anataka kubadilisha jina. Nikasema nimesikia. Akauliza ni nani. Nikasema Kinyozi.

Alipoondoka nikakaa juu ya furushi. Ubalozi ulio kwenye kona yetu ni wa nchi hiyo hiyo iliyomfunga Mhariri. Na bila nguo za ubalozi, duka langu ni kamba na ndoo.

Nimemweleza mke wangu. Akauliza kama nilisahau ubalozi uko wapi. Nikasema sikusahau, ila kichwani mwangu mambo haya mawili yalikuwa yamepanga vyumba tofauti. Kumbe binti alijua. Alidhani nami najua, ndiyo maana alinikumbatia. Mke wangu akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, kisha akaendelea kukunja soksi za balozi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata dawa. Mtaa wetu una kona katikati, penye kalvati. Nimependekeza tuugawe. Kipande cha juu, kwenye chekechea, kiitwe Mtaa wa Mhariri. Kipande cha chini, kwenye ubalozi na duka langu, kibaki Bustani. Nikaeleza kuwa juu kuna kivuli zaidi, na mtu aliyefungwa anastahili kivuli.

Kinyozi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu: "Ndugu yangu, si tulitaka ubalozi uliandike jina lake kila siku kwenye bahasha zao? Tukilipeleka juu kule, nani atalisoma? Watoto wa chekechea?"

Kura zimepigwa. Mkono wangu ulikuwa hewani peke yake. Nikaushusha kwa kujifanya najikuna shingo.

Nyumbani binti hakula. Akaniuliza: "Baba, kwani wewe uko upande gani?" Nikasema niko katikati. Akasema katikati ya barabara ndipo watu wanapogongwa. Mama yake akacheka mpaka akakohoa. Sioni cha kuchekesha.

Jumatatu, 11 Machi

Halmashauri imekubali kwa haraka isiyo ya kawaida. Binti ametangaza redioni. Sherehe ni Alhamisi.

Mchana mke wa Mhariri amekuja dukani. Anaishi mji huu huu tangu alipokimbia kwao, anafundisha hisabati shule ya wasichana. Alikuwa na koti la kijivu ndani ya mfuko. Ndilo alilovaa mumewe siku aliyochukuliwa. Walipompa nguo za gereza, hili wakamrudishia mkewe. Hajalifua tangu siku hiyo, akitaka kutunza harufu yake. Sasa harufu imekwisha, imebaki vumbi. Anataka Alhamisi liwe safi, litundikwe kwenye kiti cha mbele, kiti chake.

Kwenye mfuko wa koti palikuwa na doa la wino, kubwa kama jani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nina dawa, wino huo utatoka wote.

"Hilo liache, kaka," akasema. "Ukilitoa hilo, litakuwa koti la mtu yeyote."

Hapo hapo mlango ukafunguliwa. Karani wa ubalozi, kaja kuchukua suti. Nikatamani kujificha nyuma ya pazia la balozi mwenyewe. Yule mama akamsalimia kwa lugha yao, kwa utulivu, maneno mengi. Karani akajibu neno moja. Akatazama lile koti, akatazama sakafu, akaondoka bila suti.

Yule mama akanishukuru kwa wazo la jina. Binti yangu alimwambia ni langu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kifuani nikahisi kitu kinabana. Nadhani ni kiungulia.

Jumatano, 13 Machi

Msiba. Nimetaka suti za balozi ziondoke dukani kabla watu wa sherehe hawajaanza kupita na kuziona. Nimezifunga haraka haraka, nikazipeleka mwenyewe kwa baiskeli, nikamkabidhi mlinzi. Nimerudi nikipiga mluzi. Msumari nilipolitundika lile koti ulikuwa mtupu. Suti za balozi ni za kijivu. Koti la Mhariri ni la kijivu. Nimelipeleka koti la mfungwa mikononi mwa waliomfunga, tena nimelipiga pasi.

Sijui nilifikaje getini. Nikamwambia mlinzi kuna koti limeingia humo lenye dawa kali, balozi akilivaa atababuka mgongo. Mlinzi akaingia. Nikangoja. Nikazunguka nguzo ya taa. Nikafikiria nitamwambia nini yule mama, nikaona hakuna maneno ya kumwambia. Nikafikiria kuhama mji.

Aliyetoka ni karani. Koti alilibeba mkononi, limekunjwa vizuri. Akanisogeza mbali na mlinzi.

"Nilianza kazi kwenye gazeti lake," akasema chini chini. "Yeye ndiye aliyenifundisha mahali pa kuweka nukta."

Nikauliza kama nimfikishie mkewe salamu. Akasema: "Usimwambie kitu. Mpe tu koti." Akarudi ndani.

Njiani nikalikagua. Doa la wino lipo. Lakini kifungo cha mkono wa kushoto, ambacho kilikuwa kikining'inia kwa uzi mmoja, kilikuwa kimeshonwa, kimekaza. Mimi sikukigusa.

Nikakaa ukingoni mwa kalvati, koti mapajani. Watu wakapita, wakanisalimia, sikuitikia. Kisha nikawaza: kama karani ni mtu wa upande wetu, si anaweza kunitetea mapazia yabaki kwangu? Nikanyanyuka, nikatembea kwa kasi.

Alhamisi, 14 Machi

Mtaa umejaa. Walimu, wanafunzi, waandishi wenye kamera, mpaka watu wa mitaa mingine. Chai yangu haikutosha, na Kinyozi ameleta ya ziada kutoka kwake bila hata kunisema. Hiyo ndiyo tabia yake, anakudhalilisha kwa wema.

Yule mama alilitundika koti kwenye kiti cha mbele. Akaipapasa mikono ya koti yote miwili, kama mtu anayemvalisha mtoto. Kwenye kifungo akasimama. Akakigeuza, akakitazama, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimeambiwa nisiseme kitu, na kwa mara moja katika maisha yangu sikusema. Akainua macho kwenye madirisha ya ubalozi. Yote yalikuwa yamefungwa. Ghorofa ya juu pazia moja lilitikisika kidogo. Pazia hilo nalijua, nimelifua mwenyewe.

Kibao kikafunuliwa. Mtaa wa Mhariri, herufi nyeupe. Yule mama akasema maneno machache: "Siku atakayotoka nitamleta apite hapa kwa miguu, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho." Hakulia. Kinyozi ndiye aliyelia.

Kisha, bila kutarajia, Kinyozi akaniita mbele. Akawaambia watu kuwa wazo hili ni la dobi wetu, na mtu apewe haki yake. Watu wakanisubiri. Binti alikuwa amenielekezea kipaza sauti, matangazo ya moja kwa moja, macho yanang'aa. Ningeweza kusema lolote. Ningesema asante, nikakaa.

Nikawakumbusha kwamba uchaguzi wa kamati ni Jumamosi.

Binti akarudisha matangazo studio.

Jumamosi, 16 Machi

Kinyozi amepita tena. Mimi nimepata kura yangu na nyingine moja, ambayo mke wangu anaapa si yake. Baada ya matokeo Kinyozi alinivuta pembeni, akaniomba niwe makamu wake. Nikamwambia nitafikiria. Amehamisha pia benchi la wateja wake upande wa pili, nywele zisije tena kwangu. Sijui ana njama gani.

Ubalozi umetuma neno kwamba umepata dobi mwingine. Aliyeleta ujumbe ni dereva. Nimeuliza habari za karani. Dereva akasema ameomba likizo na amesafiri, haijulikani atarudi lini. Nikatamani kuuliza zaidi, nikaona uso wa dereva, nikaacha. Kamba zimening'inia tupu mchana kutwa. Nimefagia duka ambalo halikuwa chafu.

Jioni binti ameniletea chai. Akaniambia nimsamehe kwa maneno ya katikati ya barabara. Akasema sasa ameelewa: nilijua nitapoteza kazi ya ubalozi, na bado nikalisimamia jina. Akasema anajivunia baba yake. Mke wangu akafungua mdomo, kisha akaufunga. Mimi nikanywa chai. Chai ilikuwa nzuri.

Katika mazungumzo binti akataja kuwa mtaa wa nyuma yetu kuna ubalozi mwingine, wa nchi nyingine, mkubwa kuliko huu, mapazia mpaka sakafuni. Hauna dobi. Nikamuuliza, kwa kupita tu, kama nchi hiyo nayo imefunga mhariri yeyote. Akasema wawili, mume na mke.

Sikuweza kukaa tena. Wawili! Kinyozi hana habari nao kabisa. Jumatatu asubuhi nitavaa suti niende kuomba kazi ya yale mapazia. Jioni yake nitaitisha kikao cha kuubadilisha jina mtaa wao. Nimelipima jambo hili kila upande, na sioni mahali linapoweza kuharibika.