Mtambo wa Baba Mkwe

Alhamisi, 12 Juni
Lyle Hostetter kanidhalilisha tena! Mbele ya kikosi kizima cha kuigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1863, kasema gobore langu ni la kuiga, linanuka kiwanda cha Italia, na kwamba Jumamosi usajini atapewa mwenye silaha halisi. Yaani yeye. Nyang'au mkubwa! Mimi niliyevaa sufu kila kiangazi hapa Pennsylvania, nikitokwa jasho kama ng'ombe wa maksai, kwa ajili ya cheo hicho! Lakini dawa yake ninayo. Baba mkwe ana gobore halisi, urithi wa babu yake. Nimemwambia nalichukua nikalisafishe. Kashukuru sana, maskini.

Ijumaa, 13 Juni
Nimechomoa mtambo wa kale, ule wenye nyundo ya kufyatulia na muhuri wa tai, niutie kwenye gobore langu. Langu si limeigwa kwa ramani ileile? Haukuingia! Waitaliano hawa wana laana gani? Darlene, mke wangu, kachungulia gereji akauliza kwa nini nisichonge ubao wa gobore langu, niache chuma cha baba yake. Wanawake na maswali! Ubao wangu bado mpya. Nimeupiga tupa mtambo mpaka ukakaa.

Jumamosi, 14 Juni
Ukaguzi. Lyle kaona tai, kanywea. Raha iliyoje! Kisha, kama ilivyo desturi, akavuta nyundo nusu, akaliinua gobore zima kwa nyundo hiyo kuona kama mtambo unashika. Haukushika. Kitako kikatua kwenye kidole changu gumba cha mguu! Lyle, kicheko kimembana, akaniambia, "Pole, kaka. Leo utatubebea maji." Usajini kachukua yeye. Nimebeba ndoo nikichechemea.

Jumapili, 15 Juni
Sikukuu ya Akina Baba. Nimeurudisha mtambo kwenye gobore la mzee. Unacheza kama jino bovu. Baba mkwe kaushika, kaniuliza taratibu, "Hivi Orville, mwanangu, nilikukosea nini?" Akaondoka bila kuonja mbavu nilizochoma. Darlene anataka nikaombe radhi. Radhi! Kwa makosa ya Waitaliano? Ng'o! Nimeagiza mtambo mpya wa kuiga, niutie kwenye gobore la mzee. Tangazo linasema unaingia gobore lolote. Usipoingia, ubao wa mzee ni wa kale, utachongeka tu.