Mbegu za Nyanya na Sura ya Tisa

Jumanne, 1 Oktoba 2024
Nimeazima riwaya kwa Karambu, mwalimu wa chekechea anayetunza rafu ya vitabu kanisani. Inahusu fundi anayekarabati nyumba kuukuu, na dada mwenye nyumba anayempenda kidogo kidogo. Riwaya safi kabisa, mke wa mchungaji ameipitisha. Niko ukurasa wa sitini na hata mikono hawajashikana! Karambu amesema ameisoma mara tatu. Mara tatu! Huyo ananidokezea kitu. Anayefuata kwenye orodha ni Riungu, seremala wa hapa Githongo. Lazima nisome haraka.

Jumatano, 2 Oktoba
Nina mpango. Nyanya ana jiko la nje, kibanda cha mbao, jeusi kwa moshi tangu kabla baba hajazaliwa. Leo ameenda Ishiara kumwona shangazi, atarudi Jumapili. Ameniachia onyo nisiguse kitu. Nimemwambia aende kwa amani. Shujaa wa kitabu alianza na dirisha. Nami nitaanza na dirisha.

Alhamisi, 3 Oktoba
Dirisha limetoboka. Limekuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. Riungu alipita, akasimama, akauliza kama jiko limegongwa na lori. Wivu!
Katika sura ya sita shujaa ana vumbi kwenye nywele na dada anaona amependeza. Nikapita mbele ya chekechea mara mbili, masizi usoni. Mtoto mmoja alilia. Karambu akatoka kuuliza kama kwetu kumeungua. Nikamwalika chakula Jumamosi, aje aone ukarabati. Amekubali! Saa nane mchana, mlango ukiwa wazi, watu wasiseme.

Ijumaa, 4 Oktoba
Nimepaka rangi nyeupe mara tatu. Masizi yamegoma. Jiko sasa lina rangi ya chai ya maziwa.
Sura ya tisa: shujaa anampikia dada kwa kile alichokikuta ndani ya nyumba. Nimepekua kila mahali. Juu ya mafiga, kwenye uchaga wa kukaushia kuni, nikapata kibuyu kimezibwa vizuri. Ndani, njahi, yale maharagwe ya kwetu, nyeusi tititi, zimechanganywa na majivu. Bila shaka Nyanya alizisahau. Maskini, uzee! Nimeziosha maji manne na kuziloweka zote.

Jumamosi, 5 Oktoba
Nilibandika njahi saa kumi na mbili asubuhi. Saa nane mchana bado zilikuwa ngumu kama changarawe. Riungu alinusa akiwa barabarani, akauliza ni nani amejifungua, maana huku njahi ni chakula cha mzazi. Nikaongeza kuni.
Karambu alikuja amevaa gauni la buluu. Akasifu dirisha. Kweli! Akasema mlima unaonekana vizuri. Akaonja kijiko kimoja, akatafuna kwa muda mrefu. Kisha: "Thuranira, hii njahi umetoa wapi?"
Nikamwonyesha kibuyu kwa majivuno. Akaweka kijiko chini.
"Ngai! Si hii ni mbegu ya Nyanya? Na mvua ni wiki ijayo!"
Nikakaa chini. Tena nilijua. Tangu utotoni nimeona kibuyu kile kikishushwa mvua ikikaribia, na watoto tukifukuzwa karibu nacho. Lakini kichwa changu chote kilikuwa sura ya tisa. Nyanya alipewa mbegu ile na mama yake siku alipoolewa. Miaka sitini haijapotea hata msimu mmoja, na mimi nimeichemsha kwa chumvi. Nimelia, naandika bila aibu. Karambu aliondoka hata bila kuaga. Basi, yamekwisha.

Jumapili, 6 Oktoba
Sikuenda kanisani. Adhuhuri nikasikia sauti za akina mama wakipanda njia. Karambu mbele, na kila mmoja na chake: kikombe, mfuko, leso iliyofungwa fundo. Njahi! Kumbe Karambu alisimama baada ya ibada akaeleza kila kitu (kila kitu!), kisha akauliza nani aliwahi kupewa mbegu na Nyanya. Nusu ya kanisa ikasimama. Hata Riungu alileta kikombe cha mama yake, akacheka mpaka akashika mlango. Kibuyu kikajaa hadi shingoni. Karambu akawasha moto na kukirudisha mahali pake.
Nyanya alifika saa kumi. Niliungama yote kabla hajaketi. Alitazama dirisha, akasema moshi wote utatokea pale, na pasipo moshi mdudu hula mbegu. Kisha akamuuliza Karambu ni wa nyumba ya nani, akamkalisha karibu naye wakapiga soga mpaka chai ikaisha. Riungu ataliziba dirisha kesho.
Karambu akiondoka aliniambia, "Malizia kitabu, bana. Wewe husoma nusu."

Jumanne, 8 Oktoba
Nimekimaliza. Katika sura ya mwisho dada anasema hakumpenda fundi kwa sababu ya nyumba, bali kwa vile alikuwa mtu wa kukubali makosa yake. Mwisho dhaifu sana. Mwandishi amelisahau dirisha kabisa!
Nimekirudisha. Karambu akacheka, akaniazima kingine. Kinahusu kijana anayeoka mikate na dada anayevutwa na harufu. Niko ukurasa wa tano na tayari anajenga tanuri. Banda la kuku la Nyanya lina matofali mazuri sana. Alhamisi ana kliniki ya macho, atashinda Meru mjini. Kuku nitawatafutia pahali.