Taa ya Tangi Haisemi Uongo

Jumatatu, 4 Agosti

Vita vimetangazwa. Jumamosi mke wangu anakwenda kumwona mjukuu wetu wa kwanza, na amesema hapandi gari-nyumba langu mpaka taa ya tangi la maji machafu iache kusema uongo. Eti atapanda gari la mdogo wake. Shemeji! Yule fundi bomba mwenye viatu vyeupe!

Ni kweli, taa inasema limejaa hata kama nimetoka kulimwaga sasa hivi. Lakini gari lina kitanda, jiko, choo na bafu. Nililinunua ili tusafiri wawili, bega kwa bega. Niende kuitwa babu peke yangu, kama mpeleka mizigo? Haiwezekani.

Jumanne, 5 Agosti

Shemeji amepita bila kuitwa. Amesema vihisi, yaani vile vijichuma vilivyochomekwa ubavuni mwa tangi kupima kina, vimegandwa na mafuta na karatasi. Nivichomoe, nivisugue kwa siki na brashi, basi. Nikamshukuru kwa meno tu. Kusugua ni kazi ya mtu aliyeishiwa akili.

Mimi nina mipango miwili. Kwanza, kihisi kipya cha kubandika kwa gundi nje ya tangi. Pili, unga wa kula uchafu, mchanganyiko wangu mwenyewe: magadi, sabuni ya kufulia na hamira. Hamira ya mke wangu. Hajui.

Wakati wa kuaga, shemeji alinikumbusha kwamba tangi la maji machafu ni la kushoto, yaani kushoto kwa dereva akiwa amekaa anatazama mbele. Kana kwamba mimi mtoto!

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi nzima chini ya gari, chali. Mbele kulikuwa na dimbwi, nikaingilia nyuma, kichwa kwanza. Matangi mawili, yamefanana kama mapacha. Nikabandika kihisi kwenye la kushoto, yaani upande wa mkono wangu wenye saa, nikaunganisha waya wake na taa. Kisha nikamimina unga chooni na kujaza maji safi pomoni. Taa ikasema limejaa.

Tumehamia ndani kwa majaribio. Mke wangu akaosha vyombo. Taa ikashuka! Akaoga. Ikashuka tena! Uchafu unaingia, tangi linapungua. Unga unakula! Mimi ni nani jamani?

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeongeza maji safi, taa ya maji machafu ikapanda. Unga umechoka. Nikaongeza unga, mke wangu akafua vitambaa, ikashuka. Unga umeamka.

Mke wangu kauliza mbona taa zote mbili, ya maji safi na ya machafu, zinapanda na kushuka pamoja. Nikamweleza kwamba mtambo mzuri ndivyo ulivyo, unaelewana. Akanitazama sana. Kisha akauliza hamira yake iko wapi. Nikakumbuka nina shughuli nje.

Kumwaga tangi? Ya nini, na taa inasema ni tupu?

Ijumaa, 8 Agosti

Nilimwita shemeji aje aone kwa macho yake. Nikamsimamisha bafuni, nikamwomba yeye mwenyewe akanyage pedali ya choo, heshima ya mgeni. Akakanyaga. Tangi likajibu kupitia tundu la bafu. Povu la hamira, na mengine nisiyoyaandika.

Viatu havikuwa vyeupe tena.

Aliingia chini ya gari na tochi. Mara gari zima likatikisika kwa kicheko chake. Kihisi changu kilikuwa kwenye tangi la maji safi! Eti ukiingilia nyuma ukalala chali, kushoto kwako ni kulia kwa gari; maneno ya mafundi hayo. Akakibandua, akanirushia. Tukamwaga tangi la machafu, akachomoa vile vijichuma, akavisugua kwa siki na brashi. Nilishika ndoo. Taa sasa inasema kweli. Tumeitengeneza pamoja.

Lakini begi la mke wangu limekwisha kuwekwa ndani ya gari la shemeji. Nimeliona kupitia kioo. Nimeumia, sitaficha.

Jumamosi, 9 Agosti

Niliwasha injini bila kumtazama mtu. Mlango wa kushoto ukafunguka. Begi kwanza, kisha yeye. Akavua viatu, akaweka miguu juu ya dashibodi.

"Kwa mdogo wangu kila kitu kinafanya kazi," akasema. "Sasa njia nzima nitacheka nini? Endesha, babu."

Babu! Nilikosea gia mara mbili kwa furaha.

Mtoto ana paji langu la uso. Paji la wavumbuzi.

Jumapili, 10 Agosti

Geji ya dizeli nayo siiamini. Asubuhi, wakati wanamwogesha mtoto, nilichukua kile kihisi alichonirushia shemeji, nikakibandika kwenye tangi la dizeli na kuunganisha waya wake na taa ya dizeli. Niliingilia nyuma, kama nilivyozoea, nisije nikachanganya.

Ajabu! Tumekwenda nusu ya njia ya kurudi na taa bado inasema limejaa. Ilishuka kidogo tu mke wangu alipoosha vikombe, nadhani ni kwa sababu ya mlima. Gari limeacha kunywa! Lazima ni mvuke wa ule unga. Nikifika nachanganya mwingine.

Naandika tukiwa kando ya barabara. Injini imezima yenyewe. Dizeli si tatizo, taa nimeiangalia. Mke wangu anampigia mdogo wake simu aje na dumu, lakini kila akianza kueleza, anacheka mpaka simu inamponyoka. Sijui amekumbuka nini.