Supu ya Mwende na Mimi Mtaalamu

Mimi kitu cha kunishangaza hakijazaliwa. Shule niliachia darasa la tatu, na sasa nina bucha mbili Ikutha na pikapu yangu mwenyewe. Lakini leo nimeaibika, jamani. Masikio bado yanawaka.

Mpwa wangu Mwende ni mwalimu wa kemia. Mimi humpa magegedu ya ng'ombe, ile mifupa laini ya kwenye viungo, bure (nani mwingine angempa?). Anayachemsha, anatoa sukari fulani yenye salfa. Ndiyo, gegedu lina sukari! Leo nilikuwa nampeleka Nairobi na chupa yake ya supu hiyo, imezungushiwa barafu, kwa mashine ya kuipima. Zamu ilikuwa leo tu. Matokeo yakiwa mazuri, anaenda ng'ambo kusoma.

Njiani, pale Malili, tukasimama tunywe chai. Mwende akaenda kunawa. Nikashika chupa: moto! Barafu yote imeyeyuka. Supu ya gegedu, na jua hili? Itaoza! Na mimi nimehifadhi ngozi kwa chumvi maisha yangu yote. Nikanunua chumvi, nikamimina, nikatikisa, nikafunga. (Hata nilijipongeza. Mjinga!)

Kwa maabara, daktari mmoja, mama mpole, akachanganya tone la supu na unga fulani juu ya kipande cha chuma.

"Unga ndio unabeba sukari, mzee. Mwanga ukiupiga, sukari inaruka, tunaipima. Unga mkali unaing'oa salfa, kwa hivyo lazima tuchague vizuri."

Akaingiza kwenye mashine. Unga wa kwanza: takataka. Wa pili: takataka. Wa tatu, ule wa bei: takataka tupu! Mwende akaanza kuomba radhi. Nikaona nimtetee.

"Daktari, nyinyi hamjui kuchagua unga! Supu haina makosa. Nimeilinda mwenyewe!"

"Umeilinda aje, mzee?"

"Chumvi! Nusu pakiti! Hiyo inafika Krismasi!"

Daktari akazima mashine.

"Anko," Mwende akasema polepole, "wiki nzima nimekuwa nikitoa chumvi kwenye hiyo supu."

"Basi hakuna unga utasaidia," daktari akasema. "Mashine inaona chumvi tu."

Waliokuwa wakingoja zamu wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama nimekuja na ugali pia.

Mwende hakunigombeza. Heri angenigombeza! Kurudi, alikataa kukaa mbele na mimi. Alikaa nyuma ya pikapu, upepo wote, amekumbatia chupa.

Zamu nyingine ni mwezi ujao, na karani wa maabara hakutaka hadithi: lipa kwanza. Nimelipa mimi, taslimu: shilingi elfu sita, mia nne na ishirini.