Mbwa Aitwaye Mtaachana

Jumatatu, 9 Juni 2025. Kamunyonge, Musoma.

Katekista kaniletea bahati! Burito na mkewe Gati, wa Nyasura kule Bunda, hawaelewani. Nikiwapatanisha, semina ya ndoa ya parokia ni yangu. Nikishindwa, anapewa Scholastika, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye naye anajiita mshauri wa ndoa. Cheti hana! Hata mimi sina, lakini nina makochi mapya.

Mke wangu Rhobi anataka mbwa wetu akae kwanza kwa shemeji Butiama, wasije wakamsikia nikimwita. Thubutu! Nilimwita Mtaachana makusudi, Scholastika na mumewe walisikie jina hilo kila asubuhi wakinywa chai wameshikana mikono. Nikimwondoa, watasema nimewaogopa.

Jumatano, 11 Juni

Wamefika. Burito kanuna, Gati kanuna zaidi. Viatu wameacha mlangoni. Nikawalainisha taratibu mpaka Gati akatabasamu. Hapo hapo, dirishani, namwona mbwa anapita na kiatu cha Burito mdomoni. Nikachomoka.

"Mtaachana! We Mtaachana! Nasema Mtaachana!"

Niliporudi na kiatu, Gati analia. Burito akauliza kama huwa nawaambiaga hivyo wateja wote. Nikasema ni mbwa. Akasema mbwa hajamwona, kamwona mshauri anapiga kelele uani. Wakaondoka, kiatu kimoja kimelowa mate.

Alhamisi, 12 Juni

Usaliti! Wako kwa Scholastika. Nimepanda juu ya ndoo nikachungulia: wanakunywa chai yake. Nikamwita mbwa kwa nguvu zote, tena na tena. Mbwa mwenyewe alikuwa miguuni pangu, ananishangaa. Kwangu ni kwangu, mbwa wangu namwita nitakavyo.

Jumamosi, 14 Juni

Wamepatana. Katekista anasema ilianza pale walipokubaliana jambo moja, kwamba mimi sina akili. Wakacheka pamoja, mengine yakafuata. Basi nani kawapatanisha? Si mimi? Nikadai semina yangu. Akasema kishampa Scholastika, akanipa pole.

Imeniuma. Niliitaka semina ile kuliko nilivyomwambia mtu yeyote, hata Rhobi. Shati la kuvaa nilikuwa nimeshapiga pasi.

Jumapili, 15 Juni

Rhobi kanisihi baada ya misa: baba, badilisha jina la mbwa, wateja wanaisha. Sibadilishi! Badala yake nimeongeza mbwa wa pili. Shemeji kamleta leo kutoka Butiama, mdogo, mkorofi, masikio makubwa. Nimempa jina Harudi. Scholastika alisikie vizuri: mteja akionja ushauri wangu, kwake harudi.

Rhobi kashika kichwa, kaingia ndani. Sijui ana nini.

Mimi nina kazi. Kesho asubuhi anakuja mteja mpya, Lameck. Mkewe alirudi kwao tangu Pasaka, na maskini anataka tu mtu wa kumtia moyo. Nimeshinda uani namzoeza Harudi jina lake, na sasa anaitika hata nikiita kutoka sebuleni.